Ua, Madangi na Dungu: Maana ya Nafasi katika Usanifu wa Majengo wa Korea Inaposomwa kutoka Chumbi

Utangulizi

Uhakiki wa usanifu wa majengo wa Asia Mashariki umezoea kuanza na neno moja: uwazi. Nyumba ya Kijapani huelezwa kwa dhana ya ma, yaani nafasi iliyo kati ya kitu na kitu. Nyumba ya Kichina huelezwa kwa ua wa katikati uliozungukwa na majengo pande nne. Nyumba ya Kikorea huelezwa kwa madangi, uwanja mtupu wa udongo ulio mbele ya nyumba au katikati yake. Kutoka hapo uhakiki hurukia kwa Laozi na hoja yake kwamba manufaa ya chombo yamo katika sehemu isiyo na kitu, kisha hurejea kwenye majengo ya zege ya Seoul au Tokyo na kuyatangaza kuwa warithi wa hekima hiyo. Njia hii ina mvuto, na imezaa maandishi mazuri. Hata hivyo, haisemi ni nani aliyeufagia uwanja ule asubuhi, wala ulikuwa unasubiri kazi gani.

Sura hii inahakiki maana ya nafasi katika usanifu wa Korea kwa kuisoma kutoka Chumbi, kata iliyo kusini mwa Mto Rufiji, jirani na Mohoro, ambako ardhi huanza kupanda kutoka bondeni. Mahali hapa hapakuchaguliwa kwa bahati. Rufiji ina mambo matatu yanayoufanya ulinganisho huu uwe zaidi ya mfanano wa sura. Kwanza, ni nyumba ambayo ua wake hubeba kazi nyingi kuliko vyumba vyake. Pili, ni dungu, kibanda cha shambani kilichoinuliwa juu ya nguzo, ambacho Korea ina ndugu yake. Tatu, ni historia ya dola kuyapanga upya makazi ya wakulima, jambo ambalo Korea nayo ililipitia karibu katika miaka hiyohiyo. Inadaiwa hapa kwamba nafasi iliyo wazi hupata maana kutokana na majira yake, yaani kazi na matukio yanayoingia na kutoka kwa zamu. Anayeihifadhi nafasi bila kuyahesabu majira hayo hubaki na uwanja usiosema kitu.

Maneno mawili yenye wakati ndani yake

Kabla ya kuyatazama majengo inafaa kuyasikiliza maneno. Katika Kiswahili, nafasi ni mahali panapoweza kukaliwa, lakini pia ni wakati. Anayesema hana nafasi hakubanwa na kuta. Amebanwa na shughuli. Nafasi ni fursa, na ni cheo. Baraza nalo ni kikalio cha udongo au saruji kilichojengwa mbele ya nyumba, ni watu walioketi hapo, ni mazungumzo yao, na kwa upanuzi ni chombo cha dola chenye mawaziri. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa na mwanafalsafa kwamba mahali na tukio ni kitu kimoja. Lugha yake imekwisha kuviunganisha.

Madangi ina tabia hiyohiyo. Kwa asili ni uwanja wa nyumba, lakini Mkorea hulitumia neno hilo pia kwa maana ya hali iliyofikiwa, pale anaposema kwamba mambo yakiwa yamefika hapa hakuna tena la kuficha. Simulizi ndefu za kuimbwa ziitwazo pansori huhesabiwa kwa madangi: kwa mapokeo zilikuwa 12, na zinazoimbwa hadi leo kama mkoba kamili ni 5. Simulizi moja ni madangi moja, kana kwamba kila hadithi ni uwanja mmoja uliofagiliwa, ukajaa watu, ukaachwa.

Hapa pana tofauti inayostahili kuzingatiwa. Neno la kitaalamu ambalo wasanifu wa Korea hulitumia kwa nafasi ni gonggan, neno la vitabu lililoenea pamoja na elimu ya kisasa. Gonggan hupimwa kwa mita. Madangi hupimwa kwa kinachotokea. Sehemu kubwa ya usanifu wa Korea katika nusu ya pili ya karne ya 20 inaweza kusomwa kama jitihada ya kulirudisha neno la pili ndani ya neno la kwanza. Jitihada hiyo ilifanikiwa mahali fulani, na mahali pengine ilizaa kitu cha kutisha.

Kipimo kitokacho mtini

Kuna jambo moja ambalo nadharia ya uwazi hulisahau kabisa, nalo ni urefu wa mti. Nyumba ya mapokeo ya Kikorea, hanoki, hupimwa kwa kani, yaani umbali kati ya nguzo na nguzo na eneo linalopatikana hapo. Kani si kipimo cha mawazo. Ni kile ambacho gogo la msonobari linaweza kuvuka likiwa limebeba paa la udongo na vigae. Dola ya Joseon ilikigeuza kipimo hicho kuwa sheria. Katika karne ya 15 iliwekwa idadi ya kani kwa kila daraja la watu, na raia wa kawaida akapewa kikomo cha 10. Mkulima maskini aliishi katika kani 3 zenye paa la nyasi, na nyumba hiyo ya kani 3 ikawa taswira ya maisha ya kutosheka katika mapokeo ya ushairi.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anaijua hesabu hii kwa jina lingine. Vyumba vya nyumba za mawe za Unguja na Lamu, na vya nyumba nyingi za zamani za Oman na Ghuba, ni virefu na vyembamba, na upana wake hauzidi sana mita 3. Sababu ni boriti ya mkoko, ambayo ikibebeshwa dari ya mawe na chokaa haivuki zaidi ya hapo. Delta ya Rufiji, yenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko mwingine wowote katika pwani ya Tanzania, ilisafirisha boriti hizo kwa majahazi kwa vizazi vingi. Kwa maana hiyo, upana wa sebule ya tajiri wa Maskati uliamuliwa kwenye matope ya Rufiji. Ni ajabu kwamba uhakiki wa nyumba za mawe umeandika kurasa nyingi kuhusu zidaka na milango ya nakshi, na machache mno kuhusu mkata boriti na nyumba aliyorudi kulala.

Kosa hilo lina sura mbili zinazofanana. Uhakiki wa Korea huichukua nyumba ya bwana wa yangban, yenye jengo la wanaume na wageni mbele na jengo la wanawake nyuma, kila moja na madangi yake, na kuifanya nyumba ya Kikorea. Uhakiki wa Uswahilini huichukua nyumba ya Lamu, yenye daka mlangoni, kiwanda cha ndani, misana na hatimaye ndani, na kuifanya nyumba ya Mswahili. Katika zote mbili mpangilio wa kutoka hadharani kwenda faraghani umechambuliwa vizuri, na hakuna haja ya kuurudia. Lakini walio wengi hawakukaa humo. Huko Rufiji nyumba ni ya miti, fito na udongo, paa lake makuti au nyasi, na siku hizi bati. Mbele pana baraza, nyuma pana ua, na kati yake pana vyumba vichache vya giza ambavyo mchana havina mtu.

Uwanja unaofanya kazi

Madangi ya mkulima wa Kikorea haikupandwa maua. Ilikuwa udongo mtupu, ulioshindiliwa na kufagiliwa, na utupu huo ulikuwa na sababu. Wakati wa mavuno mpunga ulipurwa na kuanikwa hapo. Bibi harusi aliolewa hapo, nyumbani kwa wazazi wake, chini ya turubai. Maiti alitolewa kupitia hapo, na waombolezaji walikaa hapo. Mwaka ulipoanza, wapiga ngoma wa kijiji walizunguka nyumba kwa nyumba wakiukanyaga uwanja ili kuituliza ardhi. Hata jua lilikuwa na kazi: udongo uliokauka ulirudisha mwanga ndani ya vyumba chini ya upenu mpana. Kati ya madangi na vyumba palikuwa na maru, sakafu ya mbao iliyoinuliwa na kuachwa wazi upande mmoja. Pembeni mwa maru palikuwa na vyumba vya ondoli, ambavyo sakafu yake ya mawe hupashwa moto na moshi wa jikoni unaopita chini. Maru ni ya kiangazi, ondoli ni ya baridi. Nyumba moja imebeba misimu miwili kwa kuwa na sakafu mbili.

Ua wa Rufiji hauna baridi ya kuogopa, lakini una zamu zilezile. Kinu na mchi vimo uani, mafiga yamo uani, na mpunga huanikwa juu ya mikeka na majamvi uani, ukilindwa na mtoto mwenye kijiti dhidi ya kuku. Msiba ukitokea, wanawake hujaa uani na ndani, wanaume hukaa barazani na chini ya mti. Harusi huugeuza ua kuwa jiko la mji mzima. Baada ya hapo unafagiwa, mistari ya ufagio inabaki juu ya mchanga, na mpitaji asiyejua anaona uwanja mtupu.

Mpitaji huyo ndiye mhakiki wa uwazi. Anaona kilichobaki baada ya kazi kumalizika na kukiita falsafa. Isitoshe, nadharia yake imesafiri njia ndefu kuliko anavyodhani. Hoja ya Laozi kuhusu utupu wa chombo iliingia katika kitabu cha Okakura Kakuzō kuhusu chai, kilichoandikwa kwa Kiingereza na kutolewa mwaka 1906. Huko Marekani Frank Lloyd Wright aliisoma na kuikuta inafanana na mawazo yake. Mwaka 1978 Isozaki Arata aliandaa Paris maonyesho makubwa kuhusu ma. Kufikia wakati huo uwazi wa Asia ulikuwa bidhaa inayoeleweka kimataifa, na msanifu wa Asia alitarajiwa kuwa nao. Haisemwi hapa kwamba dhana hiyo ni ya uongo. Inasemwa kwamba imepita katika masoko mengi, na mfagiaji hakuwemo katika soko hata moja.

Matofali meusi ya Kim Swoo-geun

Hakuna mahali ambapo suala hili linaonekana wazi kuliko katika kazi za Kim Swoo-geun (1931–1986), msanifu aliyelianzisha jarida la Gonggan mwaka 1966 na kuliongoza fikra la kizazi kizima. Mwaka 1967 jengo lake la makumbusho ya Buyeo lilizua mgogoro magazetini. Paa na lango lake vilishutumiwa kwa kufanana na hekalu la Shinto, na hilo lilikuwa shtaka zito katika nchi iliyotoka katika utawala wa Japani mwaka 1945. Baada ya mgogoro huo kazi za Kim ziliacha kuutafuta Ukorea kwenye paa. Zikautafuta katika vipimo vya vyumba, katika kupanda na kushuka, katika mwanga unaoingia kwa uchache. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Paa ni rahisi kuigwa na ni rahisi kushtakiwa. Njia ya mwili ndani ya nyumba ni ngumu kuiba.

Tunda lake ni jengo la ofisi yake lililo Seoul, karibu na kasri la Changdeok, lililojengwa kwa awamu kati ya 1971 na 1977 kwa matofali yenye rangi ya makaa. Ndani yake dari ni za chini, sakafu zinapishana kwa nusu ghorofa, ngazi ni nyembamba na moja inazunguka kama konokono. Mtu hajui kwa uhakika yuko ghorofa ya ngapi, na kutojua huko kunampendeza, kwa kuwa kila kona inampa dirisha, kiti au sauti ya mtu mwingine. Kiini cha jengo ni ukumbi mdogo wa maonyesho. Mwaka 1978 kundi la Kim Duk-soo lilipiga humo kwa mara ya kwanza muziki uliokuja kuitwa samulnori, ngoma za wakulima zilizotolewa kwenye madangi ya kijijini na kuketishwa sakafuni mbele ya hadhira ndogo. Hapa uwanja uliingia ndani ya matofali pamoja na majira yake. Huenda hiki ndicho kitendo cha tafsiri kilichofaulu kuliko vyote katika usanifu wa Korea ya kisasa, na kilichokifaulisha ni wapiga ngoma kama vile ni msanifu.

Lakini mwaka 1976, kazi ya jengo hilo ikiendelea, lilijengwa pia kwa usanifu wa Kim jengo la polisi la Namyeong-dong. Nalo ni la matofali meusi. Nalo lina ngazi ya kuzunguka, inayotoka chini hadi ghorofa ya tano bila kumwonyesha apandaye yuko wapi. Nalo lina mwanga wa uchache: madirisha ya ghorofa ya tano ni mipasuko myembamba ambayo kichwa cha mtu hakipiti. Huko ndiko waliohojiwa kwa mateso walikopelekwa, na ndiko mwanafunzi Park Jong-chul alikouawa Januari 1987, kifo kilichochochea maandamano ya Juni mwaka huo. Leo jengo hilo limehifadhiwa kwa kumbukumbu ya demokrasia.

Wahakiki wanaompenda Kim hulipita jengo hili haraka, na wasiompenda hulitumia kumhukumu. Kwa suala la maana ya nafasi, funzo lake ni kali zaidi ya hukumu ya mtu mmoja. Mbinu zilezile za nafasi, yaani ngazi inayopoteza mwelekeo, dari inayokaribia kichwa, dirisha linalobania mwanga, zinatoa faraja mahali pamoja na hofu mahali pengine. Kama maana ingekaa katika umbo, jambo hili lisingewezekana. Maana inakaa kwa anayeshika ufunguo na saa ya kufungua. Inafaa kukumbuka kwamba katika miaka hiyohiyo ya 1970 wanafunzi wa Korea walibuni tamthilia ya uwanjani, madanggeuk, iliyochezwa wazi katika viwanja vya vyuo bila jukwaa, kwa sababu madangi haina mlango wa kufungwa na polisi.

Kizazi kilichofuata kilijifunza kitu. Seung H-Sang, aliyefanya kazi katika ofisi ya Kim, alijenga mwaka 1993 nyumba ya Sujoldang, akiigawa kwa viwanja badala ya kuijaza kwa vyumba, kisha mwaka 1996 akatoa maandishi yanayotetea uzuri wa maisha ya ukata. Nyumba ni nzuri na hoja ni ya heshima. Hata hivyo, msomaji wa Chumbi ana haki ya kuuliza ukata huo ni wa nani. Madangi iliyohifadhiwa katika mtaa wa wenye nazo huko Gangnam haitapurwa mpunga juu yake. Kinyume chake, mrithi wa madangi anayetumika zaidi nchini Korea ni sebule ya ghorofa za kupanga zilizoenea tangu Mapo mwaka 1962. Humo watu huvua viatu, hukaa sakafuni penye joto kama la ondoli, huandaa kachumbari ya baridi na kupokea wageni. Wasanifu wakubwa wameidharau sebule hiyo. Familia zimeitumia.

Dungu na wondumaki

Ulinganisho hufikia kina chake nje ya nyumba kabisa. Wakulima wa Korea walikuwa na wondumaki, kibanda cha nguzo nne katikati ya shamba la matikiti, chenye ngazi, paa la nyasi na pande zilizo wazi. Mlinzi alikaa huko kiangazi chote, akilinda mazao, akiuza matunda kwa wapita njia, akipigwa na upepo ambao nyumbani haukufika. Msimu ulipokwisha kiliachwa au kubomolewa. Usanifu wa kisasa haukukitafsiri. Kinaonekana leo katika bustani za mapumziko kama pambo, kikikumbusha shamba ambalo halipo.

Dungu la Rufiji linafanana nalo kwa sura kiasi kwamba picha za viwili hivi zingeweza kubadilishana maelezo. Nguzo, ngazi, sakafu ya fito, paa la nyasi, macho yanayoona mbali. Lakini dungu halikuwa la mlinzi mmoja na matikiti. Katika bonde la Rufiji mpunga hutegemea mafuriko, na baada ya maji kupungua udongo wenye unyevu hupandwa mazao ya mlau. Kuanzia kupanda hadi kuvuna, ndege, nguruwe na viboko hawalali, kwa hiyo familia huhamia shambani kwa miezi. Wanapika, wanalala, wanalea na kuuguza juu ya nguzo. Maji yakipanda kuliko ilivyotarajiwa, sakafu ya dungu ndiyo nchi kavu, na mtumbwi hufungwa kwenye nguzo. Kwa hiyo dungu ni nyumba kwa sehemu ya mwaka, na si kwa jina la kuazima.

Hapa ndipo Rufiji inapoifundisha nadharia ya Korea jambo ambalo nadharia hiyo haina. Hanoki huweka misimu miwili chini ya paa moja kwa maru na ondoli. Mrufiji huweka misimu miwili katika mahali pawili: nyumba ya juu na dungu la bondeni. Kinachokaa kati yake, mahali pa maru na madangi, ni njia ya kwenda bondeni, yenye vivuko, mizigo kichwani, habari zinazopashwa na watoto wanaobaki juu kwa ajili ya shule. Anayechora nyumba ya Mrufiji kwa kuta za kijijini pekee amechora nusu, tena nusu ile ambayo kwa miezi kadhaa haina wenyewe.

Dola na nusu ya nyumba

Nusu hiyo ndiyo iliyochorwa. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, Operesheni Rufiji iliwaondoa watu bondeni na kuwapeleka katika vijiji vya ujamaa kwenye ardhi ya juu, miaka kadhaa kabla ya uhamishaji wa vijiji wa nchi nzima katikati ya miaka ya 1970. Nia ilikuwa njema na faida zake hazipaswi kubezwa: shule, zahanati, maji, usalama wa uhai. Ila mpango ulihesabu kaya kwa nyumba, na nyumba kwa kiwanja kilichopangwa kwenye mstari. Shamba lilibaki bondeni, mbali, na dungu ambalo lilikuwa sehemu ya makazi likawa kibanda cha muda, dalili ya mtu ambaye bado hajahama sawasawa. Wakulima walijibu kwa miguu yao. Waliendelea kuteremka msimu ukifika, na umbali mpya ukaongeza muda ambao shamba lilikaa bila macho, jambo ambalo nguruwe hawakulichukia.

Korea ilikuwa na operesheni yake. Vuguvugu la Kijiji Kipya, lililoanzishwa mwaka 1970 chini ya Park Chung-hee, liligawa mifuko 335 ya saruji kwa kila kijiji, katika vijiji zaidi ya 33,000. Mapaa ya nyasi yaling'olewa, yakawekwa mabati ya saruji yaliyopakwa rangi. Njia zilipanuliwa, na nyua nyingi zikasakafiwa. Watu hawakuhamishwa kama Rufiji, lakini uwanja wa udongo ulioshindiliwa kwa ajili ya mpunga ulipoteza sababu yake palepale mashine ya kupura ilipofika. Ni baada ya hapo, na si kabla, ndipo madangi ilipoanza kuandikwa kama falsafa. Mfuatano huo wa tarehe unasema mengi kuhusu nadharia ya uwazi kuliko kitabu chochote cha Laozi: uwanja uliitwa mtupu ulipokuwa umeachishwa kazi.

Ua wa Rufiji haujaachishwa kazi, na dungu halijawa pambo. Hiyo ndiyo tofauti inayoufanya uhakiki huu uwe na uzito nje ya maktaba. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliziondoa tena familia nyingi bondeni katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na wito wa kuhamia ardhi ya juu umerudi, safari hii mto ukiwa na bwawa la Julius Nyerere lililoanza kujazwa maji Desemba 2022, na majira ya maji yakiwa yanaamuliwa kwa sehemu na mitambo. Hakuna mhakiki mwenye akili timamu atakayewaambia watu wabaki majini kwa ajili ya maana ya nafasi. Suala ni mchoro gani unaowangoja huko juu. Korea ya leo inayojulikana nchini ni ya Hospitali ya Mloganzila na Daraja la Tanzanite, kazi za mkopo na uhandisi ambazo zimefika bila madangi wala maru, kama ilivyotarajiwa. Kile ambacho kingefaa kuazimwa kutoka Korea hakisafiri kwa mkopo: ni desturi ya wasanifu wake bora kuchora kwanza sehemu isiyo na paa, na kuuliza nani atakuwa hapo mwezi gani.

Mchoro wa namna hiyo kwa Chumbi usingeanza na vyumba viwili na sebule. Ungeanza na eneo la kuanika mpunga wa kaya moja, pamoja na upana wa kukalisha msiba. Ungeweka baraza upande wa njia. Kisha ungetoka nje ya mipaka ya kiwanja: ungekuwa na mkato mmoja mrefu wa ardhi, kutoka baraza hadi bondeni, wenye mistari miwili ya maji, wa masika na wa kiangazi, na mwishoni mwake ungeonyesha dungu, sakafu yake ikiwa juu ya mstari wa kwanza, likihesabiwa miongoni mwa vyumba vya nyumba.